Pindo la Kofia ya Tima

Mashine ya kukatia ilikata jina la Tima kwenye kitambaa chekundu, kisha ikakata tarakimu moja tu, 4, kwa kuwa siku hizo kila mtoto alivaa kofia yenye jina lake na miaka aliyopangiwa kuishi. Tima alikuwa na miaka mitatu.

Mama yake, Mishi, alizishona herufi kwa mkono, moja moja. Kwa ndani akaacha pindo la vidole viwili, kama alivyozoea kumshonea mtoto yeyote.

Mkaguzi wa kofia alipofika aliigeuza, akalipapasa lile pindo.

"Mama Tima, hili la nini?"

"La kutanulia, bwana. Kichwa cha mtoto si kinakua?"

Mkaguzi alimtazama kwa upole, kama mtu anayemsubiri mwenzake akumbuke jambo.

"Kitambaa hiki kuna wa kukihitaji," alisema.

Akaiweka kofia mashineni, nayo ikalikata pindo mpaka kwenye mshono. Kile kipande akakikunja vizuri, akakitia mfukoni, kisha yeye mwenyewe akamvisha Tima kofia.

Tima alikimbilia kioo.

"Mama, njoo uone! Imenikaa!"

Ilikuwa imemkaa barabara.