Kliniki ya Alhamisi

Keneilwe alitoka kanisani mbio katikati ya sala, mara ya tatu asubuhi hiyo. Hakuwahi kufika chooni.

Alijiosha kwenye bomba la uani. Miezi mitano sasa. Mtoto alikuwa mkubwa, alimchana vibaya wakati wa kuzaliwa, na toka siku ile choo kilimtoka kabla hajajua. Hakumwambia mtu, hata mumewe, Moagi. Alivaa sketi nyeusi tu, na kabla ya safari hakula kitu.

Lililomkosesha raha zaidi ni mama mkwe wake, MmaMoagi. Kiti cha karibu na mlango, alichokihitaji sana Keneilwe, mama huyo alikiwahi kila Jumapili, akakikalia kama askari wa zamu. Ananilinda, aliwaza Keneilwe. Anadhani nina bwana huko nje.

Jumatano jioni MmaMoagi alimfuata jikoni.

"Moagi anasema kesho unakwenda Gaborone."

"Ndiyo, mama. Kumwona shangazi."

"Anakaa upande gani? Karibu na hospitali?"

"Hapana, mama. Mbali kabisa."

"Afadhali," akasema mkwewe, akatoka.

Kesho yake Keneilwe alipanda basi la asubuhi. Kwenye kliniki ya hospitali, muuguzi alikuwa akizungumza na wanawake waliosubiri.

"Msuli wa kufunga choo ukichanika, huwezi kujizuia. Si uchafu, wala hujalogwa. Kuna mazoezi, kuna dawa, na wengine tunawashona upya."

Keneilwe alishusha pumzi. Akageuka kutafuta pa kukaa. Kwenye benchi la mwisho, shali ya buluu begani, alikuwa MmaMoagi.

Keneilwe aliwaza: Amenifuata. Leo narudishwa kwetu.

Alimwendea, akapiga magoti pale pale sakafuni. "Mama, nakuomba. Usimwambie Moagi kwamba umeniona hapa."

MmaMoagi alimkodolea macho.

Mlango wa daktari ukafunguliwa. Muuguzi mwingine akachungulia, mkononi faili nene lililochakaa pembe.

"MmaMoagi! Ingia, mama yangu. Yale mazoezi uliyafanya?"

Mama mkwe aliinuka taratibu, akamshika Keneilwe mkono, akauminya.

"Na wewe usimwambie," akanong'ona.