Mlango Wenye Kitasa

Tangu asubuhi Mwakio alikuwa akikwangua kutu kwenye karavani kuukuu, kijumba cha kuvutwa na gari, aliyoinunua ili familia yake ikapige kambi, na tangu asubuhi wanawe walisimama mbele ya mlango wa karavani hiyo wakingoja uwatambue.

“Niseme mara ngapi? Shikeni kitasa, kisha mvute! Huu hauna macho!”

“Sasa baba, mlango utajuaje kama sisi si wezi?” akauliza Wakesho, kifungua mimba wake.

“Haujui!”

Watoto wakaogopa, wakakimbilia nyumbani. Mlango wa nyumba ukawatambua, ukawafungukia, ukajifunga. Mwakio akawafuata akisonya, uso mzima umejaa vumbi la kutu.

“Mgeni, subiri,” mlango ukamwambia.

“Nifungulieni, nyie!”

Nyuma ya kioo watoto walimtazama tu, wakingoja mlango uamue kama ni baba yao.