Supu ya Mwani Kabla ya Mtihani

"Kila aliyewahi basi alikunywa kahawa. Jung-mo hakunywa kahawa. Kwa hiyo?"

"Hakuwahi basi," alijibu Yu-rim.

Do-hee alitia alama ya vema pembeni mwa swali, akajifuta jasho shingoni. Ilikuwa Agosti, kiangazi cha Korea, mji mzima wa Incheon unachemka, na humu chumbani mwa Yu-rim madirisha yamefungwa, feni imefunikwa mfuko, na sakafu, ile inayopashwa moto kwa mabomba wakati wa baridi, imewashwa kama vile ni Januari. Yu-rim mwenyewe alikuwa amekaa juu ya sakafu hiyo hiyo, tena na soksi miguuni.

"Hivi mama yako ana nini lakini?"

"Anasema baridi itaniingia."

"Baridi ya wapi? Lami yenyewe huko nje inanata viatuni."

Yu-rim alikuwa anangoja swali.

Wawili hawa walisoma chuo pamoja, na mtihani wa kuajiriwa wa kampuni moja kubwa walianguka pamoja, mara mbili. Ni mtihani wa kupima akili, taarifa mbili unapewa na hitimisho unatafuta mwenyewe, na ukiukosa hata kwenye usaili huitwi. Jumapili ingekuwa mara ya tatu, na wa mara ya nne hawampokei. Do-hee alikuwa na mjomba mwenye mgahawa, angekosa hapa angekula kule. Yu-rim alikuwa na mama mjane anayeuza kimchi, kabichi ya kuchachusha, sokoni, basi. Akianguka Jumapili, maisha yake ni ndoo za kabichi na chumvi.

Na mtu mwenyewe ndiye huyu, amekufa ganzi. Tangu majira ya baridi alikuwa mji wa mbali wa Yeosu kwa shangazi yake, anajisomea penye utulivu, ndivyo mama yake alivyowaambia watu. Simu hapokei, ujumbe hajibu. Amerudi juzi juzi tu, uso umemvimba, na maswali yote anayajibu sawasawa, ila akipata hafurahi na akikosa hajali. Do-hee ilimuuma. Alikuwa amezoea kugombana naye kwa kila swali.

"Mwili umerudi," alimwambia, "roho umeiacha Yeosu."

"Ndiyo," alisema Yu-rim. "Soma linalofuata."

Mlango ukasukumwa, mama akaingia na sinia. Aliiona chupa ya maji ya barafu aliyokuja nayo Do-hee, akaichukua bila kuuliza, akaweka birika la maji ya moto mahali pake. Kisha akatua bakuli mbele ya bintiye.

Do-hee aliangalia ndani ya bakuli. Supu ya mwani. Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba mwani huteleza, na anayeula kabla ya mtihani huteleza naye. Siku za mitihani watu hawataki hata kulisikia jina lake.

"Mama, nisamehe," alisema, "mtu wa mtihani na supu ya mwani?"

"Kula, mwanangu, ingali moto," mama alimwambia Yu-rim, kana kwamba mwingine hakusema kitu.

"Na asubuhi alikula hii hii?"

"Na jana," alisema Yu-rim.

Do-hee alitoa mkobani peremende ya kunata aliyomnunulia, ile wanayopewa watahiniwa ili kufaulu nako kunate. Mama aliisogeza kando kwa vidole viwili.

"Ngumu hiyo. Meno yake hayana nguvu sasa hivi."

Alimpandisha bintiye soksi iliyoteremka, taratibu, kama anamvisha mtoto. "Faulu tu Jumapili," alimwambia. "Ukifaulu, yote yatakuwa kama hayakuwapo." Akabeba sinia, akaenda zake sokoni.

Do-hee alisubiri mpaka nyayo ziishe ngazini.

"Utanisamehe, lakini huyu mama hataki ufaulu. Anaogopa utaajiriwa uhame, umwache na ndoo zake za kimchi."

"Anataka kuliko mimi."

"Basi supu ya nini? Au ni ya nani?" Do-hee alikuwa amekasirika, na akikasirika hufanya mzaha. Alifunika kitabu. "Haya, swali langu mwenyewe hili. Supu ya mwani wanapikiwa watu wawili tu, mwenye siku ya kuzaliwa, au mzazi aliyetoka kujifungua. Yu-rim anapikiwa supu ya mwani. Siku yake ya kuzaliwa ni Novemba. Kwa hiyo?"

Yu-rim alimeza kwanza kilichokuwa kinywani.

"Kwa hiyo ni yule wa pili."

Do-hee alicheka mpaka akashika mbavu. Yu-rim alijibu kwa sauti ile ile aliyojibia swali la Jung-mo na basi lake, wala hakupepesa macho. Angalau mzaha wake haukubaki Yeosu.

"Vema kubwa," alisema, akichora alama hewani. "Hongera, mzazi."

Akainuka, bado anacheka, akaenda dirishani. Joto lilikuwa limemshinda.

"Usifungue," alisema Yu-rim.

Lakini kitasa kilishazunguka. Upepo uliingia, na kelele za pikipiki, na kutoka nyumba ya chini kilio cha mtoto mchanga wa jirani, anayelilia kunyonya.

"Ona sasa, hewa hii..." Do-hee aligeuka.

Yu-rim alikuwa ameweka kijiko chini. Fulana yake ya kijivu ilikuwa inalowa kifuani, mahali pawili, na majimaji yanazidi kusambaa. Alichukua kitabu cha maswali akajifunika nacho.

"Funga dirisha," alisema. "Nilijibu sahihi."