Midomo Kwenye Kikombe

Midomo ile ilikuwa midogo mno kuwa ya mwanamke.

Ilikuwa imejichapa kwa rangi nyekundu ukingoni mwa kikombe cheupe, kidogo kama yai, kigumu kama jiwe, kilichofichwa ndani ya soksi katika begi la safari la mumewe. Mke alikuwa akitoa nguo za kufua. Akakaa palepale sakafuni, kando ya beseni.

"Hiki ni cha kuchezea mtoto wa kike," wifi yake alisema, akikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Tena kajipaka rangi ya mama yake, huyu. Na mdomo wa chini una pengo, unaona? Hata alama yake tumeshaijua."

Wifi huyo mtaa mzima walimwita Redio. Kaka yake, mume mwenyewe, alifanya kazi kwenye meli ya utafiti, ya kushusha mashine baharini na kupima joto na chumvi ya maji, tangu juu mpaka chini kabisa. Mmoja anapima chumvi, mwingine anaitia, watu walitania.

Leo mke hakuona pa kucheka. Ndoa yao haikuwa imejaliwa mtoto, na ndugu walishaanza kuuliza kwa mafumbo. Kumbe mwenzake alishajipatia jibu huko bandari za mbali. Ndiyo maana safari zinarefuka. Ndiyo maana siku ya kuagana, walipokuwa wakinywa chai gatini kwenye vile vikombe vyepesi vya plastiki ya povu, vya kutupa, alikuwa na haraka mpaka akampokonya chake hajamaliza, akapanda nacho melini.

Akauma mdomo, pale penye kovu la utotoni, alipoanguka kwenye bembea.

"Wifi, nishushie sanduku langu."

Mume aliporudi na sabuni aliyotumwa, alilikuta sanduku mlangoni limefungwa, na dada yake ameshajichagulia kiti kizuri cha kutazamia.

"Mtoto ni wa nani?" mke aliuliza, akikiweka kikombe mezani.

Mume akamtazama dada yake, akalitazama sanduku. Akasema alikuwa akikificha mpaka atafute kisanduku cha kukifungia, maana kilikuwa zawadi.

"Zawadi ya nani?"

"Yako. Na kikombe ni chako, kile cha chai ya gatini. Nilikifunga kwenye mashine, tukakishusha mpaka chini kabisa. Huko maji yanaminya chochote chenye hewa ndani; kilishuka kikubwa, kikarudi hivi."

Redio akaguna. "Na chumvi ya hiyo hadithi nayo uliipima, kaka?"

Mke alikuwa ameshakibeba kikombe hadi dirishani. Kidole chake kikapita taratibu juu ya midomo ile midogo, kikasimama kwenye pengo. Na cha mkono wa pili kilikuwa tayari juu ya kovu lake.