Maji ya Jumamosi

“Maji ya kichwa chako kayanywe mwenyewe, Sabiti. Kwangu usimwage.”

“Mfereji unapita kwako, Mama Tabu. Niuhamishe?”

“Hamisha kichwa.”

Majirani hawakutoka hata kuchungulia. Ugomvi huo ulikuwa wa kila Jumamosi. Mtaa mzima pale Geita ulijua kwamba karani Sabiti ana mba sugu, na kwamba mganga wa Kharumwa amempa masharti: samli kichwani kila alfajiri, maji Jumamosi tu. Ikifika Alhamisi samli imechacha, ananuka beberu, na nzi wanamsindikiza kazini. Jumamosi akitoka kazini anaosha, anamwaga, na maji mazito yenye mafuta yanateremka hadi uani kwa jirani yake, mjane mpika maandazi. Mama Tabu alitandaza gunia mferejini ili uchafu ule usinywewe na ardhi yake. Kila wiki alilikamua gunia hilo kanga ikiwa puani, akitukana ukoo wa Sabiti kuanzia babu.

“Vumilia,” Sabiti alimwambia asubuhi ile. “Leo ndiyo mwisho. Kesho nakwenda zangu Shinyanga.”

“Uwahurumie watu wa Shinyanga.”

Huko alikuwa anakwenda kufungua hoteli karibu na stesheni. Ndoto yake ya miaka. Ofisini alikuwa ameitangaza mwezi mzima, na mwezi mzima wenzake walikuwa wanapoteza hamu ya kula.

“Hoteli,” alisema Stanslaus, karani mkuu, leso puani. Suruali yake nyeupe ilikuwa na mkunjo wa kukatia mkate. “Wewe. Uwapikie watu.”

“Wali, nyama, na chai ya maziwa, bwana.”

“Na unywele mmoja juu.”

Walicheka, lakini mmoja aliinuka akaenda kutema mate dirishani. Miaka miwili walikuwa wamekaa naye chumba kimoja. Yeye mizanini, akipima unga wa dhahabu ya kampuni, huku akijikuna. Ukucha unakwenda kichwani, unachimba, unarudi, na kila mtu anageuza uso.

Ilibaki karatasi moja tu. Bila cheti cha tabia njema chenye sahihi ya karani mkuu, boma la Shinyanga lisingempa leseni ya kuuza chakula. Stanslaus alikuwa nacho mbele yake, kalamu imeshachovywa wino, na hakuandika.

“Boma watauliza ni nani aliyewatumia balaa hili. Siweki sahihi mpaka nikione hicho kichwa kimeoshwa kwa sabuni, kwa macho yangu. Hapahapa, sasa hivi. Bujiku, lete lile beseni jeupe.”

Sabiti alishika kichwa kwa mikono miwili. Jasho lilimteremka mashavuni, na lenyewe lilikuwa la samli.

“Hapa ofisini, bwana? Nitaona haya. Nyumbani ni karibu.”

“Hapahapa, au hupati cheti.”

Aliyemwokoa ni Bujiku, askari wa mlangoni. Kazi ya Bujiku ilikuwa kuwapekua makarani kila jioni, mifuko, viatu, kwapa, hata chini ya ulimi. Akifika kwa Sabiti alikuwa anamwonyesha njia kwa fimbo tu: pita, pita.

“Yaya, hapana, bwana,” alisema Bujiku. Kinyaa kilimrudisha kwenye Kisukuma. “Tukimwoshea humu tutanusa mpaka masika. Tumpeleke kwake.”

Stanslaus aliitazama sakafu yake iliyopigwa deki asubuhi, akakubali.

Walikwenda naye watu watano na mche mzima wa sabuni, kama wanampeleka ng'ombe kwenye josho. Ndivyo walivyomuaga. Uani, Bujiku alijifunga matambara mikononi, wawili wakamshika mabega, Stanslaus akasimamia kwa mbali. Povu lilitoka la kijivu, likaja la kahawia, likaja jingine lisilo na rangi ya kutajika. Mmoja wao alikimbilia nyuma ya ua na kurudisha uji wa asubuhi.

Mama Tabu alikuwa ameshasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

“Kayamwageni barabarani kama mna heshima. Na wewe mwenye suruali nyeupe, ndiyo kazi uliyosomeshewa, kunimwagia mimi uvundo?”

Stanslaus hakuzoea kuulizwa maswali na muuza maandazi.

“Mwaga palepale,” alimwambia Bujiku.

Beseni la kwanza likaenda lote mferejini, juu ya gunia. La pili likafuata. La tatu Stanslaus alilisukuma mwenyewe kwa ncha ya kiatu, akimtazama mama yule usoni.

Halafu aliegemeza cheti ukutani akaweka sahihi, akampa Sabiti kwa kukishika ncha. Wengine waliaga wakiwa wameshika mikono yao nyuma.

“Safari njema,” alisema Stanslaus, ameshageuka. “Ukifungua hiyo hoteli, usinialike.”

Waliondoka haraka, wakiinusa mikono yao na kuipangusa kwenye nyasi. Matusi ya Mama Tabu yaliwasindikiza hadi kona, ukoo baada ya ukoo.

Walipopotea, alinyamaza. Alimpitisha Sabiti, akafunga mlango wa ua, akaishusha kanga puani, akachuchumaa na kulikung'uta gunia kwenye karai. Akaanza kulizungusha karai taratibu, kama wafanyavyo wachimbaji wa dhahabu. Samli ikatoka, povu likatoka, matope yakatoka. Kilichobaki chini kiling'aa manjano.

“Ingia ule, mwenye hoteli mwenzangu,” alisema bila kuinua macho. “Leo wametuoshea wenyewe.”