Zamu ya Lama

Zamani, kwenye milima ya baridi, kazi ilikuwa ya zamu, ila kila siku zamu ilimwangukia Lama, mnyama wa mizigo mwenye shingo ndefu. Tai, mtawala, alimtwika gunia zito alipeleke kileleni.

"Mkuu, mna nini humu?" Lama aliuliza.

"Heshima yangu. Panda!"

Akaja Farasi kutoka ng'ambo, akamfukuza Tai, akataka gunia lishushwe bondeni.

"Bwana, mna nini humu?"

"Ustaarabu. Shuka!"

Mwishowe Mbweha, mzaliwa wa palepale, akamfukuza Farasi.

"Ndugu yangu, nchi sasa ni yetu sote. Pandisha gunia!"

"Mna nini humu?"

"Uhuru."

Lama akapiga magoti, kama wafanyavyo lama wakielemewa, akalifungua kwa meno. Kumbe jiwe tupu!

"Inuka, ni zamu yako!" Mbweha akafoka.

Lama akamsogezea gunia. "Si umesema nchi ni yetu sote, ndugu yangu? Basi leo beba wewe."