Namba Moja, Mashine Mbili

Kompyuta mbili, katika nyumba mbili, zilikuwa zimetoa namba moja.

Bosi alilisema hilo akiwa amesimama, hata koti hajavua. Mtengeneza programu alimsikiliza huku akitazama chai yake ikipoa. Programu ilikuwa ya masomo ya watoto, na ni yeye aliyebuni njia ya kuipa kila kompyuta namba yake: inasoma alama za vipande vya ndani, inazichanganya, inatoa namba isiyofanana na nyingine. Hata ukifuta kila kitu kwenye mashine, namba inabaki ileile. Ndivyo alivyoahidi.

"Sasa zimefanana," bosi alisema. "Usiporekebisha leo, nitamtafuta anayeweza."

Hakuingiwa na woga. Siku hizi mambo mengi yalimpita tu. Hata mumewe alipoaga alfajiri kwenda safari zake za kikazi, begi la kompyuta begani, alimwitikia bila kuinua kichwa, akaendelea kumsuka nywele binti yao, mtoto wa kwanza kabisa kuitumia programu ile, kwenye kompyuta ya baba yake.

Alijaribu kompyuta zote za ofisini. Alifuta, akaanzisha upya, akafuta tena. Kila moja iling'ang'ania namba yake kama kupe. Majina ya wateja hakuruhusiwa kuyaona, ila aliyelalamika alikuwa ameacha namba ya simu. Mchana akampigia.

Alipokea mwanamke mcheshi. Alieleza kwamba mwanawe alipofungua programu, iliandika kuwa kompyuta hiyo imeshasajiliwa na familia nyingine. Walidhani mtoto amebonyeza ovyo, akagombezwa bure, maskini.

"Mpe pole," mtengeneza programu alisema, kwa sauti yake ya kazini. "Naomba unisomee namba iliyo chini ya skrini, dada."

"Kompyuta ni ya baba yake, huwa anatembea nayo. Lakini una bahati, ndiyo kwanza anaingia. Ngoja nikupe uongee naye."

Upande wa pili mtoto alicheka, kiti kikaburutwa, begi likafunguliwa zipu. Mtengeneza programu alishika kalamu, akasubiri.

"Haloo," ilisema sauti iliyomuaga alfajiri. "Nikusomee namba ipi, dada?"